Anayetembea Usiku Si Mchawi

Oktoba 2021, katika kaunti ndogo ya Marani, Kisii, wanawake wanne wazee walivamiwa na umati, wakauawa na kuchomwa moto. Walidaiwa kumroga mwanafunzi aliyekuwa ametoweka kwao na baadaye kupatikana akiwa hasemi wala haelezi alikotoka. Miaka 13 kabla ya hapo, Mei 2008, genge lilipita nyumba baada ya nyumba katika vijiji vya Kisii likawachoma wazee 11, wanane kati yao wakiwa wanawake. Kila baada ya mauaji ya namna hii mjadala hufuata mkondo ule ule. Wanasheria hutaja Sheria ya Uchawi ya 1925, urithi wa wakoloni. Wanaojua migogoro ya ardhi hutaja mashamba. Wachungaji huhubiri. Wote wana la maana la kusema, lakini lipo swali ambalo kwa kawaida hukosa wa kuliuliza: ni mambo gani hasa huwapata watu usiku hata wakaona hayaelezeki ila kwa uchawi, na je, zahanati iliyo karibu ingeweza kuyaeleza?

Hoja yangu ni hii. Mengi ya yale yanayoitwa mambo ya usiku, yaani kukabwa kitandani, kutembea huku umelala, mtoto kupiga mayowe bila kuamka, mzee kuzurura saa nane za usiku, mtu mzima kukesha wiki nzima akihesabu mabati, ni maradhi ya usingizi au ni maradhi mengine yanayojitokeza wakati wa usingizi. Visababishi vyake vinajulikana, na mengi hutibika au hupunguzwa bila mashine wala daktari bingwa. Mahali kama Marani, tiba ya kwanza ni maelezo, na maelezo hayo hayatoshi kupewa mgonjwa peke yake. Sharti yamfikie mama mkwe, shemeji, jirani na mwalimu, kwa sababu hao ndio wanaoamua kama aliyeonekana nje usiku ni mgonjwa au ni adui. Sisemi kwamba mwanafunzi yule wa 2021 alikuwa na ugonjwa fulani. Hakuna awezaye kumpima mtu kwa habari za magazeti. Ninachosema ni kwamba kijana anapopatikana amepotewa na kauli, zipo sababu kadhaa za kitabibu zinazopasa kuchunguzwa kwanza: kifafa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, dawa za kulevya, mshtuko mkubwa wa kihisia. Asiyezijua sababu hizo atashika ile aliyoizoea.

Tuanze na jinamizi, kwa kuwa ndilo linaloshuhudiwa na wengi. Mtu anaamka, macho yanaona chumba, masikio yanasikia mvua juu ya mabati, lakini mkono hauinuki na sauti haitoki. Kifua kinakandamizwa. Aghalabu anahisi kuna mtu mle chumbani: kivuli mlangoni, uzito unaopanda kitandani, vidole shingoni. Baada ya sekunde kadhaa, au dakika moja mbili, mwili unafunguka. Kilichotokea si kigumu kueleza. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na ndani ya mzunguko kuna kipindi cha ndoto ambapo ubongo hufunga kufuli misuli ya viungo, ili mtu asije akaigiza anachokiota. Mara nyingine akili huamka kabla kufuli hilo halijafunguliwa. Basi mtu yu macho huku mwili wake ungali ndotoni, na mabaki ya ndoto yanamwagika ndani ya chumba halisi. Uchambuzi wa Brian Sharpless na Jacques Barber uliochapishwa 2011, uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya watu hupatwa na hali hii walau mara moja maishani. Kwa wanafunzi kiwango kilipanda hadi asilimia 28. Tofauti hiyo inafundisha jambo, maana wanaokabwa zaidi ni wale wanaolala kidogo, kwa saa zisizo na mpangilio, na wenye wasiwasi mwingi.

Hofu ndiyo inayompa mgeni huyo wa chumbani sura, na sura yenyewe hutoka katika imani za mahali. Huko Pemba na Unguja mwaka 1995 alikuwa zimwi lililoitwa Popobawa, na watu walilala nje makundi kwa makundi, wakiota moto na kukesha kwa kuogopa kukutwa ndani. Wapo waliotafsiri mengi ya yaliyosimuliwa mwaka ule kuwa ni jinamizi lililosambaa kwa hofu, na tafsiri hiyo ina nguvu: kukesha kwenyewe huzidisha jinamizi, jinamizi huzidisha hofu, na hofu humfanya jirani naye akeshe. Kabla taharuki haijapoa, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Unguja akidhaniwa ndiye Popobawa. Anayesoma habari ya Marani ataona mfanano: jambo lisiloeleweka, kisha mtu dhaifu aliye karibu, kisha umati. Ilhali huyo anayekabwa huhitaji mambo machache tu. Alale saa za kutosha na kwa wakati ule ule, asilale chali, apunguze pombe, na akibanwa asipambane na mwili mzima bali ajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu huku akijikumbusha kwamba litapita. Wengi hupata nafuu kwa kuelezwa tu, kwa sababu hofu iliyokuwa ikiwanyima usingizi imeondoka. Ikiwa jinamizi linarudi kila wiki, au linaambatana na usingizi mzito wa mchana usiozuilika, hapo daktari anahitajika.

Tena zipo ndoto zinazotoka katika chupa ya dawa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Ukimwi nchini Kenya walipewa efavirenz, dawa iliyookoa maisha ya watu wengi lakini inayojulikana kwa kuleta ndoto kali na za kutisha. Kuanzia takriban 2018 nchi ilihamia dolutegravir, ambayo kwa baadhi ya watu huleta kukosa usingizi na kwa hiyo hushauriwa inywewe asubuhi. Mgonjwa aliyeambiwa hivyo mapema huvumilia au hurudi kliniki kuuliza. Asiyeambiwa anaweza kuamini kwamba mambo ya ukoo yamemfuata, akaiacha dawa ili alale kwa amani, na kwa kosa hilo akafa.

Ndoto na jinamizi huja zaidi kuelekea alfajiri; kutembea usingizini hutokea upande mwingine wa usiku. Huja katika theluthi ya kwanza, usingizi unapokuwa mzito kabisa, na huwapata watoto kuliko watu wazima. Mtoto huinuka, hufungua komeo, huenda uani, macho wazi lakini hayamtambui mama, na asubuhi hakumbuki lolote. Mayowe ya usiku ya watoto ni ndugu wa hali hiyo hiyo. Hurithiwa katika familia, huchochewa na homa, uchovu na kibofu kilichojaa, na kwa walio wengi huisha wanapobalehe. Matunzo yake ni ya nyumbani: komeo liwekwe juu, panga na jembe visiachwe njiani, taa ya koroboi isikae chini, mtoto alale mapema zaidi, na akionekana ametoka aelekezwe kitandani taratibu bila kupigwa wala kutikiswa. Ikiwa hutoka saa ile ile kila usiku, mzazi anaweza kumwamsha kidogo dakika 15 hadi 30 kabla ya saa hiyo kwa wiki kadhaa, na mara nyingi desturi hukatika. Lakini zahanati isiishie hapo. Kifafa cha usiku huweza kufanana na kutembea usingizini. Kinachokitambulisha ni kwamba hurudia kwa namna ile ile kila mara, huweza kuja mara kadhaa kwa usiku mmoja na saa yoyote, na pengine humwacha mtu ameuma ulimi, amejikojolea, au amechanganyikiwa kwa muda akiwa hajibu. Kijana mwenye kifafa cha namna fulani anaweza kutembea umbali fulani katika hali hiyo na akapatikana hajui alipo. Dawa za kifafa si mpya wala si za kifahari. Fenobabitoni na kabamazepini zimo katika orodha ya dawa muhimu. Kinachokosekana si duka la dawa, ni mtu wa kusema: hiki ni kifafa.

Sasa nije kwa wazee, ambako naona uzito wa suala hili. Demensia, yaani kuharibika kwa ubongo kunakoleta usahaulifu mkubwa uzeeni, huvuruga saa ya mwili kabla na baada ya kuvuruga kumbukumbu. Mgonjwa husinzia mchana kutwa kisha jua linapotua anaanza kuhangaika. Hutafuta nyumba aliyozaliwa, huwaita waliokwisha kufa, husogeza vyungu, hutoka. Mchukue bibi wa miaka 80 aliyebaki peke yake katika boma, watoto wako Nairobi na Nakuru. Saa nane usiku anafungua mlango akidhani kumekucha na ng'ombe hawajakamuliwa. Anapita kwenye migomba, anafika uwanjani kwa jirani, anasukuma mlango kwa sababu anaona ni wake. Pengine amevua nguo, kwa kuwa demensia huweza kuondoa haya na kupunguza hisi ya baridi. Akiulizwa anatafuta nini, anajibu yasiyoeleweka, au anamtaja mtoto wa jirani kwa jina la marehemu. Tazama sasa kila alama ya mchawi katika simulizi za Wagusii, wenyeji wa Kisii, na za jirani zao: anatembea usiku, yu uchi, anazungumza na wafu, yuko mlangoni kwa watu, hana maelezo. Ugonjwa umemvika mavazi yote ya shutuma, na ndio ugonjwa huo huo uliomnyang'anya ulimi wa kujitetea.

Hapa usimamizi wa usingizi ni ulinzi wa uhai. Mzee mwenye hali hii akae juani asubuhi, maana nuru ya mchana ndiyo inayoirekebisha saa ya mwili. Apewe shughuli nyepesi, kuchambua mboga au kupukuchua mahindi, asiachwe kulala tangu saa nne hadi saa kumi. Chai ya jioni ipunguzwe, na aende msalani kabla ya kulala. Maumivu ya magoti, kuvimbiwa, na maambukizi ya njia ya mkojo yatibiwe, kwani kila kimoja humfanya mzee ahangaike usiku bila kuweza kusema kinachomsumbua. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla kwa siku moja mbili apelekwe hospitali haraka, hilo si demensia peke yake. Dawa za kumlaza zinashawishi, lakini kwa wazee huongeza kuanguka, kuvunjika nyonga na kuchanganyikiwa. Na juu ya yote hayo, jirani waambiwe mapema. Familia nyingi huficha ugonjwa wa mzee kwa aibu. Kuficha huko ndiko kunakomfanya jirani akutane nao kwa mara ya kwanza gizani.

Msomaji makini atapinga. Atasema kwamba wanaoua wazee hawaui kwa kutojua sayansi ya usingizi, wanaua kwa tamaa ya shamba. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, karibu 957 kwa kila kilomita mraba, na mjane mwenye ekari moja yu katikati ya macho mengi. Ninakubali. Lakini tamaa peke yake haijazi uwanja kwa watu. Mwenye tamaa huhitaji umati, na umati huhitaji ushahidi ambao kila mmoja ataona unamhusu: mwanangu alikabwa, mke wangu alimwona uani, mtoto wa fulani hasemi. Hayo ndiyo matukio ambayo mchochezi huyashona pamoja. Ukiyatoa mikononi mwake, ukayapeleka kliniki moja moja, anabaki na tamaa yake na sheria. Wala hatuhitaji kumwondolea mtu imani yake ili kufanya hivyo. Mwenye kuamini uchawi na asiyeuamini wanaweza kukubaliana kwamba mtoto anayetetemeka saa kumi alfajiri apimwe kwanza.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine na ni la haki pia. Je, hatuingizi kijijini ugonjwa wa mjini? Nani kasema kila mtu alale saa nane mfululizo? Ushahidi wa Afrika Mashariki wenyewe unatutaka tuwe waangalifu. Charles Super na Sara Harkness, walioishi miongoni mwa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet miaka ya 1970, waliona kwamba mtoto wa miezi minne wa Marekani alikuwa akilala takriban saa nane kwa mkupuo, ilhali wa Kokwet, aliyelala ubavuni mwa mama na kunyonya atakapo, alilala saa nne hivi na akaendelea hivyo miezi kadhaa zaidi, bila dosari yoyote. Robert LeVine na wenzake, waliowachunguza akina mama wa Gusii kwa miongo kadhaa, nao walieleza malezi ya mtoto kulala na mama na kunyonyeshwa usiku. Miongoni mwa Wahadza wa Tanzania, David Samson na wenzake waliwafuatilia watu wazima 33 kwa siku 20 na wakaripoti mwaka 2017 kwamba dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Kuamka usiku, basi, ni jambo la kibinadamu. Mzee anayeamka saa tisa, akasikiliza mbwa, kisha akalala tena hana ugonjwa, na kumwambia anao ni kumletea wasiwasi utakaomkosesha usingizi kwelikweli. Mpaka uko katika mchana. Ikiwa kukosa usingizi kunatokea walau mara tatu kwa wiki, kumedumu miezi mitatu, mtu anapata nafasi ya kutosha ya kulala lakini halali, na mchana anashindwa kazi, anakuwa na hasira au anasahau, hapo ndipo tunapozungumzia maradhi. Takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi duniani yumo ndani ya kipimo hicho.

Na kwa ugonjwa huu wa kukosa usingizi, ulioenea sana, tumezoea njia mbaya. Mtu wa Marani asiyelala huanza na mambo matatu yaliyo karibu: kemisti, chang'aa, na kitanda chenyewe. Kemisti humpa Piriton, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta usingizi, au vidonge vya jamii ya diazepamu bila cheti cha daktari. Hivyo humsaidia siku chache, kisha mwili huzoea, kipimo huongezeka, na siku akiviacha ghafla usingizi hupotea kuliko mwanzo. Pombe humlaza upesi na kumwamsha usiku wa manane, kwa kuwa inapovunjwavunjwa mwilini huukata usingizi wa nusu ya pili. Kitanda ndicho kinachodanganya zaidi. Aliyelala vibaya jana huingia kitandani mapema leo, akidhani ataongeza. Badala yake anaongeza saa za kugeukageuka, na ubongo unajifunza kwamba kitandani ni mahali pa kufikiria karo. Kisababishi cha kwanza, tuseme msiba au deni, huweza kuwa kimepita zamani, lakini mazoea yaliyozaliwa nacho ndiyo yanayoendesha ugonjwa. Arthur Spielman wa New York alilieleza hili katika miaka ya 1980.

Ndiyo maana mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani, na mwaka uliofuata mwongozo wa Ulaya, walishauri kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa mtu mzima isiwe kidonge, iwe mafunzo ya kubadili mwenendo na fikra kuhusu usingizi. Kiini chake kinafundishika chini ya mwembe. Chukua mama anayeingia kitandani saa tatu usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri ili awahi majani chai, lakini kati ya saa hizo nane analala tano tu. Anaambiwa jambo linaloonekana la ajabu: asiingie kitandani hadi saa tano na nusu, na aamke saa kumi na moja ile ile kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwamo, bila kulala mchana. Baada ya siku kadhaa za uchovu usingizi unajikusanya, unajaza zile saa tano na nusu, na hapo anaongezewa dakika 15 kila wiki hadi afike kiasi kinachomfaa. Asipopata usingizi kwa muda unaomchosha, atoke kitandani. Huu ndio ushauri alioutoa Richard Bootzin mwaka 1972: kitanda kiwe cha kulala. Mtu atasema nyumba ni chumba kimoja. Kigoda cha jikoni kinatosha. Deni na karo viandikwe kwenye karatasi jioni, na hatua ya kesho iandikwe pembeni. Hii si tiba ya kila mtu, maana mwenye kifafa, mwenye maradhi ya akili ya hisia kupanda na kushuka, au mwendesha bodaboda wa masafa marefu asipunguziwe saa za usingizi bila uangalizi. Na anayeamka alfajiri akiwa na huzuni isiyokoma, aliyepoteza hamu ya chakula na ya kuishi, aulizwe waziwazi kuhusu sonona na kujidhuru. Kwake kukosa usingizi ni mlango wa jambo kubwa zaidi.

Katika kaunti za chai, Kisii na Nyamira, ni lazima kikombe nacho kitajwe. Kafeini hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya saa tano au sita nusu yake ingali inazunguka. Chai ya saa mbili usiku, kisha ya kumkaribisha mgeni wa saa tatu, inatosha kumwibia mtu usingizi bila yeye kujua, hasa akiwa na umri mkubwa. Kuna madhara mengine yasiyosemwa sana. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga za majani, na upungufu wa madini ya chuma ni miongoni mwa visababishi vikuu vya miguu isiyotulia: ile hisi ya kutambaliwa inayompata mtu jioni akikaa au akilala, ikimlazimisha kuinuka na kutembea. Wajawazito husumbuliwa nayo sana. Damu ipimwe, vidonge vya madini ya chuma vya kliniki ya wajawazito vimezwe kweli badala ya kurundikwa kabatini, na chai isogezwe saa moja au mbili mbali na mlo.

Wanafunzi wamenyimwa usingizi kwa uamuzi wa watu wazima, na hapo siwezi kuzungumza kwa upole. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimeweka saa za kulala za shule za bweni kuwa saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na masomo kuanza saa mbili. Kanuni hizo ni nzuri, kwa sababu kijana wa umri wa sekondari huhitaji saa nane hadi kumi na saa yake ya mwili huchelewa kwa maumbile. Lakini kengele za saa kumi alfajiri zinaendelea kugongwa katika shule nyingi nchini, na wazazi huzisifu. Matokeo ni darasa linalosinzia, kijana anayekabwa na jinamizi bwenini, na mwenye kifafa anayeanguka, kwa kuwa kukosa usingizi huchochea kifafa. Kisha hapo tena huja minong'ono kwamba shule ina mapepo, na wahubiri huitwa. Anayetaka kuyafukuza mapepo hayo aanze na kengele.

Kukatika pumzi usingizini kutanipinga zaidi, kwa kuwa hapo nadharia yangu ya maelezo haitoshi. Anayekoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika, kisha akashtuka akitweta, koo lake hujifunga mara nyingi kila usiku. Utafiti wa dunia wa mwaka 2019 ulikadiria watu milioni 936 wenye kiwango fulani cha hali hii. Hupandisha shinikizo la damu na humlaza dereva kwenye usukani. Kuthibitisha kunahitaji vipimo, na mashine ya kusukuma hewa inahitaji pesa na umeme usiokatika. Hata hivyo kupunguza uzito, kulala ubavu, kuacha pombe ya usiku, na kwa mtoto kuangaliwa mafindofindo, huwafaa wengi. Na mwenye shinikizo la damu lisiloshuka kwa dawa aulizwe kama anakoroma, kabla hajarushwa kutoka dawa moja hadi nyingine. Waliosalia wapelekwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, na serikali ya kaunti ijue kwamba idadi yao si ndogo.

Nani ataifanya kazi hii? Septemba 2023 Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba wenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Ndio wanaoona kitanda cha mzee na komeo la mlango. Wakifundishwa kuuliza kuhusu usiku, watayakuta maradhi haya kabla ya kijiji. Tuna mfano wa jirani. Bonde la Lambwe, Homa Bay, liliwahi kuteswa na malale, ugonjwa wa mbung'o unaogeuza usiku kuwa mchana na kumfanya mtu azurure akiwa amevurugikiwa na akili. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeuondoa kuwa tatizo la afya ya umma, baada ya udhibiti wa mbung'o na wahudumu wa vituo vya afya kufundishwa kuutambua.

Hospitali ya kaunti ndogo ya Marani inaweza kuanza na daftari moja la malalamiko ya usiku, lenye umri wa mgonjwa, kilichotokea, dawa anazotumia, na saa. Safu ya saa isirukwe hata ikiwa foleni ni ndefu. Kinachotokea muda mfupi baada ya kulala huelekea kuwa kutembea usingizini au mayowe. Kinachobana mwili alfajiri huelekea kuwa jinamizi. Kinachorudi saa yoyote na kwa namna ile ile kichunguzwe kifafa. Na mzee anayeanza kuhangaika jua likitua apimwe kumbukumbu, apimwe mkojo, na jirani zake waitwe kuelezwa wiki hiyo hiyo.